Ndula za Maji, Form ya Dunga

Wikendi ikiwaka Kisumu, tuktuk za kushuka Dunga zinabeba mbogi zimetoka luku safi. Kaptula, miwani, shati ya maua, na chini kabisa raba nyeupe zimesuguliwa usiku mzima. Halafu wanashukia bichi. Pale boti zinapofunga ni matope nyeusi, magamba ya samaki, maji imemwagika kwa makarai ya omena, na mbao zimelowa tangu alfajiri. Raba nyeupe haimalizi hata kona ya kwanza. Wenye wamekam na slipa nao wanapata stori ingine: matope inashika, kamba inang'oka, msee anabaki miguu tupu. Na miguu tupu pale ndio noma yenyewe.

Dunga si Diani, wasee. Ni bichi ya kazi. Jolupo, yaani wavuvi, wanaingiza samaki hapo kila siku, na kazi inaacha vitu chini: ndoano za mbuta, vipande vya neti, chupa zimevunjika, misumari ya boti zenye zimezeeka. Halafu kuna okoko, yule samaki wa ndevu mwenye watoi wa ziwa wanamheshimu mbaya. Ako na miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwa mapezi ya kando, na akishtuka anaisimamisha inajifunga tight. Huo mwiba uko na meno. Kuingia kwa nyayo ni rahisi, kuutoa ndio kesi. Mvuvi akimtoa kwa neti na kumwacha kando, mguu wako ndio unakuja kumpata.

Ndio maana nikicheki ndula ya maji naanza na soli, rangi baadaye. Shika ndula, ikunje. Kama vidole vinafika kwa kisigino bila shida, hiyo ni ya swimming pool, ndoano ya mbuta itaipita. Weka mkono ndani, halafu finya soli kwa chini na kidole gumba cha mkono ule mwingine. Ukifeel hako kadole ndani, rudisha mezani. Halafu geuza uangalie michoro. Soli yenye iko na mikato midogo mingi inashika mbao yenye imelowa. Ile ya vidude vikubwa inashika matope. Dunga inakupea zote mbili siku moja, boti na matope, na mimi nachagua mikato midogo bila kufikiria mara mbili. Kuteleza kwa matope ni kuchafuka. Kuteleza kwa ukingo wa boti ni kuvunja mbavu.

Mbele lazima pawe pamefunikwa. Sandals za vidole nje ni fresh kwa picha, lakini mizizi ya mafunjo na mawe ya Hippo Point hapo karibu huwa zinatafuta kucha. Pande za ndula zikuwe na matundu ya kumwaga maji, juu ndula yenye inabakisha maji ndani inakuwa nzito na inakuchubua kisigino kabla ufike kwa samaki wa kuchomwa. Na saizi, usiongeze ati ndio uwe comfortable. Neoprini na kitambaa cha wavu zinalegea zikilowa, kwa hivyo nunua ile inakushika vizuri ikiwa kavu, bila kukufinya. Kama ni za dukani, jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kiasi baada ya kutembea siku nzima.

Za kununua wapi? Ingia soko ya Kibuye, na uingie mapema wakati mabeli ya mitumba yanafunguliwa. Camera, zile safi kabisa, zinaenda na wenye wamewahi, na kwa fagia, yale mabaki, utapata ndula poa lakini gundi imechoka. Vuta soli pale inapounganika na kitambaa. Ikitoa sauti ya kubanduka, songa mbele.

Na msee asikudanganye ati lazima uwe na doh mob. Mathee na mabuda wetu walivaa sandak, zile ndula za plastiki za Bata zenye ziko na matundu, miaka mingi kabla watu waanze kuitisha ndula za maji kwa simu. Sandak haishiki maji, haiozi, unaiosha na mkono mmoja. Noma yake ni kuteleza kwa mbao. Akala nayo, ile ya tairi, iko na soli yenye ndoano haiwezi kuipita. Tafuta yenye iko na mkanda nyuma, otherwise matope ya Dunga itaibakisha. Kwa matope, hata kama vidole viko nje, mimi naweka akala ya mkanda juu ya ndula nyingi za madukani, na sioni haya kuisema.

Sasa keti kidogo, juu hii part ndio ilinifanya niandike. Kuna risto inazunguka ati ukivaa ndula za maji uko salama na kichocho. Zii. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda maji matulivu ya pembeni, pale kwa mafunjo, nyasi na hyacinth. Wanaachilia vijidudu vidogo, huwezi kuviona kwa macho, na vinatoka kwa wingi jua likiwa limewaka. Vinaogelea vikitafuta ngozi, na vinapenya kwa dakika chache tu. Ndula ya matundu inaingiza maji, na maji ikiingia navyo vinaingia. Na hata kama mguu ungefunikwa, goti liko wapi? Hii si stori ya kutisha watalii. Watafiti wa KEMRI wamefuatilia wasee wa kuosha magari hapa ufuoni Kisumu tangu miaka ya 90, juu hao walikuwa wanatibiwa, wanarudi kwa maji, wanashikwa tena.

Kwa hivyo tenganisha hizo vitu mbili kwa kichwa. Ndula ya maji ni ya vitu vyenye vinakata na vyenye vinateleza. Kichocho kinga yake ni kukaa nje ya maji. Kama lazima ukanyage pembeni, vaa gumboots zenye hazivuji, na uishie pale maji iko chini ya mdomo wa gumboot. Ukishapanda boti zivue, juu boti ikipinduka gumboot inajaa maji na kuogelea kunakuwa ngumu. Life jacket nayo usiivue. Visiwani kuna bichi hazina gati, na utapata vijana kazi yao ni kukubeba mgongoni mpaka kwa boti. Wengine wanaona aibu kubebwa. Mlipe, ubebwe. Na yeye pia mkumbushe kupimwa, juu ngozi yake ndio inaingia kwa maji kila siku.

Ukirudi keja, osha ndula na maji ya mfereji, toa matope yote kwa michoro ya soli. Mbegu za hyacinth zinaweza kujificha hapo, na kama wiki ijayo form ni bwawa la ocha, hutaki kuwa msee mwenye alizipeleka. Jaza magazeti ndani, anika kivulini. Jua la Kisumu linaua gundi.

Na kabla urudi, jioni usizurure kwa nyasi za ufuoni ukitafuta angle ya sunset. Viboko wanatoka majini kula saa hizo, na hakuna soli ya kuwatoroka. Uliza guide wa Dunga pa kusimama.

Na kama ulishakanyaga maji ya ziwa, leo ama mwaka jana, fanya hivi. Hesabu wiki sita hadi nane tangu siku ile, kisha ingia hospitali, uwaambie uliingia ziwa, wakupime kichocho kwa choo. Usingoje kuona damu. Wengi hawaskii kitu mwanzo, na huku maini yanaumia polepole. Dawa ni praziquantel, ni vidonge vya kumeza, na daktari anakupimia kulingana na kilo zako.