STESHENI NA HAKI YA WAPITAO

Vijana wengi wa Unguja hucheka wanapoambiwa kwamba kisiwa hiki kiliwahi kuwa na gari la moshi. Hudhani ni porojo za wazee barazani. Si porojo. Katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi alipofariki 1888, reli nyembamba ilitandikwa kutoka mjini hadi Chukwani, palipokuwa na jumba lake. Mabehewa yake yalikokotwa kwanza na nyumbu, kisha na injini ndogo iliyoagizwa Uingereza. Hayo yalikuwa kabla ya reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, na kabla ya ile ya Mombasa, iliyoanza 1896. Lakini reli ile ilikuwa ya mtawala. Mwananchi aliitazama ikipita, na mwenyewe alipokufa nayo ikafa.

Reli ya pili ilikuja 1905. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga njia ya maili saba hivi kutoka mjini, karibu na Ngome Kongwe, hadi Bububu. Treni ilipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mlango kwa mlango, kisha ikatoka kuelekea kaskazini. Hii angalau ilichukua watu. Baadaye serikali ya kikoloni iliitwaa. Barabara zilipotengenezwa na motokaa zikazidi, treni za abiria zilisimamishwa 1922. Njia ikaachwa ibebe mawe ya kujazia bahari kwa ajili ya bandari, hata nayo kazi hiyo ikamalizika na vyuma vikang'olewa. Leo msafiri anayeshuka melini Malindi hukanyaga bandari ambayo reli ile iliitumikia katika siku zake za mwisho, na wala hana habari nayo.

Siandiki haya kwa kuilililia reli ya mkoloni. Nayaandika kwa sababu ya jambo moja tu. Reli ile ilipojengwa, na ilipofungwa, hakuna mwananchi aliyeulizwa. Wala hapakuwa na mahali pa kumwuliza: Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliundwa 1926, na Mwafrika wa kwanza hakuingia humo mpaka 1946. Mchuuzi wa Bububu aliyezoea kuja mjini kwa treni aliamka siku moja akaambiwa haipo. Ukoloni haukuhitaji ushauri wa mchuuzi. Suala la kujiuliza ni hili: sisi tuliojitawala, tunapopanga upya stesheni zetu, vituo vyetu na vitongoji vinavyovizunguka, je, tunamwuliza?

MFANO WA NAIROBI

Majirani zetu wa Kenya wamo katika jambo hili hasa. Mji wa Nairobi ni mtoto wa stesheni. Reli iliyotoka Mombasa ilifika pale 1899, pahala penye kinamasi ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe, na mji ukaota kuzunguka karakana na nyumba za wafanyakazi wa reli. Desemba 2022, Rais William Ruto alizindua mradi wa kulijenga upya eneo hilo lote, wenye jina la Nairobi Railway City, katika ardhi ya ekari 425 katikati ya jiji, kwa ushirikiano na Uingereza. Shabaha yake ni stesheni kuu mpya, ofisi, maduka, makaazi na viwanja vya wazi, mahali ambapo kwa miaka mingi palikuwa na vichuguu vya reli kuukuu, maghala na mabehewa yaliyochakaa. Humo humo mna jengo la stesheni ya zamani na Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa 1971.

Hakuna mwenye akili atakayeupinga mradi wa namna hiyo kwa kuwa ni mpya. Ardhi ya umma iliyokaa bure katikati ya mji ni hasara kwa umma. Tena Nairobi ina sababu ya ziada. Reli mpya ya kisasa kutoka Mombasa ilipofunguliwa 2017, kituo chake kikuu kiliwekwa Syokimau, nje ya mji, na abiria anayetaka kufika katikati ya jiji hana budi kuchukua treni nyingine au gari. Kuirejeshea stesheni ya mjini heshima yake ni jambo la maana.

Lakini jirani kabisa na stesheni hiyo pana mtaa unaoitwa Muthurwa, na habari yake yafaa isomwe na kila mwenye kushika ramani. Nyumba za Muthurwa zilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Kwa kupita miaka zikawa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi hao. Mwaka 2010 wadhamini wa mfuko waliwapa wapangaji notisi ya kuhama ili ardhi iendelezwe, na ubomoaji ukaanza na watu wamo. Wapangaji wakaenda mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya ikatoa hukumu kwamba haki zao, hasa haki ya makaazi na ya utu, zilikuwa zimevunjwa. Mahakama haikusema nyumba kuukuu zibaki milele. Iliwataka wahusika wakae pamoja na wakubaliane utaratibu wa kuhama.

Kwa maneno mengine, jambo ambalo lingefanywa kwanza, na bila gharama, yaani kukaa na kukubaliana, lilifanywa mwisho kwa amri ya jaji, baada ya miaka mitatu ya uhasama.

NANI ALIYEIPA ARDHI THAMANI

Wataalamu wa mipango hutuambia, na ni kweli, kwamba ardhi ya stesheni ni ghali kuliko nyingine. Wasilolisema mara nyingi ni kwamba thamani hiyo haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuletwa na mwekezaji. Stesheni huvuta wapita njia. Wapita njia humvuta muuza kahawa, fundi viatu, muuza machungwa na mwenye mkokoteni. Hao nao huwavuta wengine. Kwa miaka thelathini au arobaini nyayo za watu hao ndizo zinazokifanya kiwanja kile kitamaniwe. Kisha siku ya kukiendeleza inapofika, wale wale walioitengeneza thamani huitwa uchafu unaopaswa kuondolewa. Huo ni unyonyaji, hata ukichorwa kwa wino wa rangi na kupachikwa miti ya kijani kwenye picha.

Sisi tuliokaa vyuoni tulifunzwa mapema kwamba njia ina haki yake, na kwamba mwenye kuikalia njia ana wajibu. Haki hiyo ina pande mbili. Mchuuzi hana ruhusa ya kuziba njia ya mpitaji, na mwenye mamlaka naye hana ruhusa ya kuihamisha njia bila ya kumjali anayeipita. Na katika madarasa ya Chama tukafunzwa Mwongozo wa TANU wa 1971, ulioweka wazi kwamba kazi ya Chama si kuwasukuma watu watekeleze yale ambayo wataalamu wamekwisha kuyaamua, bali ni kuwashirikisha tangu kwenye kupanga kwenyewe. Mafunzo yote mawili yanakutana mahali pamoja.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe si mara zote nimeyafuata. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa meza ya mbele katika mkutano wa kuwaeleza wananchi kwamba kituo chao cha gari za abiria kitahamishwa. Ramani ilikwisha kuchorwa na fedha zilikwisha kupangwa. Bibi mmoja mwenye pakacha la ndimu aliinuka akauliza: "Mwanangu, kutoka hicho kituo kipya mpaka sokoni, pakacha hili nani atanibebea?" Nilimjibu kwa maneno marefu juu ya maendeleo na kujitolea. Watu wakapiga makofi. Yeye akakaa kitako kimya. Nilipomkuta baadaye, alikuwa akimlipa hamali kila siku, na akaniambia bila ya hasira kwamba ndimu siku hizi anamlimia hamali. Swali lake lilikuwa swali la mipango miji kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na mimi nililijibu kwa hotuba.

MAMBO YASIYOKOSEKANA

Kutokana na hayo, mpango wowote wa stesheni au kituo kikuu, pawe Nairobi, pawe kwetu, hapana budi uwe na mambo manne kabla ya jiwe la msingi.

Kwanza, hesabu ya watu. Kabla ya kupima ardhi, wapimwe wanaoitumia: wangapi wanapita asubuhi na jioni, wangapi wanauza, nani anauza nini, nani anaishi hapo. Asiyeandikwa kwenye orodha ya mwanzo hatakumbukwa kwenye ugawaji wa mwisho.

Pili, njia ya miguu. Wakubwa hupanga kwa gari na wananchi hutembea. Hatua baina ya chombo kimoja na kingine zihesabiwe kwa mguu wa mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Kivuli, maji, vyoo, mahali pa kusalia na mahali pa kukaa si mapambo ya kuongezwa fedha zikibaki.

Tatu, mahali pa kurejea. Mchuuzi anayeambiwa "ondoka kwa muda" apewe maandishi: arejee lini, wapi, na kwa kodi gani. Ahadi ya mdomo husahaulika siku utepe unapokatwa. Na kodi iwe ya kiasi anachokiweza yeye, si kiasi anachokiweza atakayemnunua.

Nne, jengo la zamani litumiwe. Jengo la historia lililofungwa haliko salama kwa kuwa limefungwa. Beit al-Ajaib, lililo jirani na pale reli ya Bububu ilipoanzia, lilikuwa limefungwa kwa umma kwa miaka kadhaa kwa sababu ya ubovu, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Stesheni ya zamani yenye ofisi ya tiketi inayofanya kazi, maktaba au mkahawa wa bei ya kawaida, itatazamwa na kuzibwa nyufa zake kila siku.

KWETU UNGUJA

Msomaji wa Tunguu aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini, sisi tusio na reli? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwamba stesheni ya Dar es Salaam ni stesheni yetu pia. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka pale mwaka ule ule wa 1905 uliojengewa reli ya Bububu, ikafika Kigoma 1914. Tangu katikati ya 2024, treni ya umeme imeanza kuchukua abiria kwenda Morogoro na kisha Dodoma, na kwa bahati njema stesheni yake mpya imewekwa katikati ya mji, jirani na ile ya zamani. Mwananchi wa hapa anayepanda boti Malindi asubuhi aweza kufika makao makuu ya nchi siku ile ile. Kipande kilicho baina ya gati na stesheni, ambacho si kirefu, ndicho kipande cha safari yetu kinachostahili kupangwa kwa uangalifu kuliko vyote, maana hapo ndipo mgeni mwenye mizigo na asiye na uzoefu hupotea, huibiwa, au hulipishwa mara mbili.

Njia ya pili ni kwamba mji wetu wenyewe unapangwa upya, vituo vya gari na masoko vikihama. Nasi hatuanzi bila mifano mema. Bustani ya Forodhani, hatua chache kutoka pale reli ya Bububu ilipoanzia, ilitengenezwa upya na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena Julai 2009, na wauza vyakula wa jioni wakarejea penye kazi yao. Katika miaka ya 2010, mpango wa Ng'ambo Tuitakayo uliwapeleka wataalamu mitaani kuandika, pamoja na nyumba, mabaraza ambayo watu hukutania na shughuli wanazozifanya. Hiyo ndiyo hesabu ya watu niliyoitaja. Ikiwezekana Ng'ambo, inawezekana popote.

Gari la shamba linalotoka Tunguu alfajiri huwa na mwanafunzi, mwuguzi, mkulima na bibi mwenye pakacha. Wote hao hushuka mahali fulani mjini, na mahali hapo ndipo stesheni yao, iwe ina reli au haina. Siku ramani mpya ya mahali hapo itakapoletwa mezani, mimi na wenzangu wa meza ya mbele tunao wajibu wa kunyamaza kwanza, tumsubiri bibi aulize, na kalamu ya mchoraji ingojee jibu.