Mucatha na Muthakwa

Huku Kitisuru, Nairobi, pembezoni mwa vijito ambako kuta za mawe hazijafika, bado utakuta vichaka viwili vya maua ya zambarau yanayopauka hadi kuwa meupe. Mucatha ana majani machungu, dawa ya tumbo tangu zamani. Muthakwa humpita mtu kimo, na jani lake ni pana. Wakikuyu wanavitenga kwa majina. Wanabotania waliviweka pamoja katika jenasi moja, Vernonia.

Chuma kichwa cha mucatha ukipasue kwa ukucha. Unachokiita ua ni vijiua vingi vilivyobanana, kama vya alizeti, jamaa yake. Vyote vina umbo la mrija. Zile petali za njano zinazoizunguka alizeti huku hazipo. Ndani ya kila kimoja hutokeza kijiuzi chenye panda mbili nyembamba, zilizochongoka, zenye vinyweleo. Panda hizo ndizo zilizowaponza wataalamu: karibu kila mmea uliokuwa nazo ukatupwa ndani ya Vernonia, hadi spishi zikakaribia elfu moja.

Kromosomu ndizo zilizoleta shaka. Vernonia za Amerika zina seti ya msingi ya 17. Za Afrika na Asia, 9 au 10. Mwaka 2007 mwanabotania Sterling Keeley na wenzake walipolinganisha vinasaba, ilidhihirika kwamba hizi na zile si tawi moja.

Sasa jina libaki kwa nani? Sheria ya majina ya mimea haiwapi walio wengi. Jina la jenasi hufuata spishi yake ya mfano, na ya Vernonia ni ya Amerika. Zetu zikabaki bila jina. Lakini katika miaka ya 1990 Harold Robinson wa Taasisi ya Smithsonian alikuwa amekwishafufua majina yaliyosahaulika: mucatha akapewa Baccharoides, la mwaka 1794. Muthakwa naye sasa yumo katika Gymnanthemum, la mwaka 1817. Juzuu ya mwaka 2000 ya kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki iliendelea kuandika Vernonia, na siwalaumu waandishi wake. Ushahidi wa vinasaba ulikuwa bado mchanga.

Hebaria ya Afrika Mashariki, hazina ya mimea iliyokaushwa iliyohamishwa kutoka Amani hadi Nairobi mwaka 1950, haifuti jina la zamani. Mtaalamu huandika jipya kwenye kikaratasi, akatia sahihi na mwaka, akakigundisha kando ya kile cha kwanza. Chini hubaki lebo ya mkusanyaji: mahali, tarehe, rangi ya ua na, alipokumbuka kuwauliza wenyeji, neno moja: mucatha.