Ana mfuko tumboni: je, atacheza mpira tena?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mama au mke, huku mgonjwa mwenyewe ametazama ukuta. Aliyepasuliwa na kutolewa utumbo nje, je, atacheza mpira tena? Atalima? Ataimba kwaya, maana kwaya zetu haziimbi bila kucheza? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu lina masharti, na tuyajue, kwa sababu wapo wanaofungwa nyumbani na hofu wakati ugonjwa wenyewe umeshapona.

Stoma ni tundu ambalo mganga mpasuaji analifungua kwenye tumbo na kushona hapo ncha ya utumbo, ili haja kubwa itokee hapo na kuingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Ikiwa ni utumbo mpana, tunasema kolostomia. Ikiwa ni utumbo mwembamba, ileostomia. Sababu ni nyingi: risasi ya tumbo, tifoidi iliyotoboa utumbo, kansa, mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja, mama aliyeumia vibaya katika kujifungua. Kwa wengine utumbo unarudishwa ndani baadaye. Kwa wengine ni hivyo maisha yote. Ile nyama nyekundu, yenye majimaji kama upande wa ndani wa mdomo, si kidonda. Ndiyo rangi yake ya afya. Lakini haisikii maumivu, kwa hiyo inaweza kugongwa na mwenyewe asijue.

Kuna mchezaji wa Marekani, Rolf Benirschke, aliyekuwa mpiga mateke wa timu ya San Diego Chargers katika ule mpira wao wa kugongana. Mwaka 1979 ugonjwa wa utumbo ulimwangusha, akapasuliwa, akakonda sana, akabaki na stoma. Msimu wa 1980 alirudi uwanjani. Tarehe 2 Januari 1982, katika muda wa nyongeza kule Miami, teke lake ndilo lililoipa timu ushindi wa 41 kwa 38. Ni kweli, yeye alikuwa na waganga na mifuko ya kutosha, sisi hatuna hivyo. Ila mwili wake ni mwili kama wetu.

Sharti kubwa ni misuli ya tumbo. Pale utumbo ulipopitishwa, ukuta wa tumbo umebaki dhaifu, na mzigo mzito ukiinuliwa mapema, matumbo mengine husukumwa kando ya stoma na kufanya uvimbe wa ngiri. Kutembea kunaanza mapema, hata hospitalini, kila siku mbali kidogo kuliko jana. Kukimbia na mpira mwepesi hungoja wiki sita mpaka nane, mganga akiisha kukubali. Kuinua vizito hungoja miezi mitatu hivi. Na hapa nawaambia wazi: bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Tunamkataza kijana mpira, halafu tunamtuma kisimani au kusukuma chukudu. Tumegeuza mambo. Bidoni ndiyo ya kuogopwa kwanza.

Sharti la pili ni maji na chumvi, zaidi kwa mwenye ileostomia, kwa sababu utumbo mpana ambao ungefyonza maji haufanyi kazi. Akitoka jasho uwanjani anapoteza mara mbili. Maji matupu mengi hayatoshi. Achanganye lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo. Karanga na mahindi atafune sana, maana vinaweza kuziba.

Kabla ya mchezo, mfuko umwagwe. Usingojwe kujaa kupita theluthi moja. Jasho linalegeza gundi, basi ngozi ikaushwe vizuri kabla ya kubandika, na mkanda mpana wa kitambaa ushike mfuko usirukeruke. Golikipa na wale wa kugongana wavae kikinga juu ya stoma, au wabadilishe nafasi. Ndondi, hapana. Kuogelea kunaruhusiwa, maji hayaingii ndani.

Mifuko ni ghali na mara nyingi haipatikani. Watu wanafua ule mmoja, wengine wanafunga sasheti na vitambaa. Huyo naye atembee na kucheza kwa kipimo chake. Viongozi wa vijana, mnaweza kumsaidia bila hotuba: kiwanja kiwe karibu na choo chenye mlango na maji, na asiulizwe kwa nini ametoka katikati ya mchezo. Kwenye salongo apewe ufagio, si mawe. Harufu? Mfuko uliobandikwa vizuri hautoi harufu. Ukivuja, ni wa kubadilishwa, na mtu si wa kukimbiwa.

Mchezo usimamishwe na aende hospitali siku hiyo hiyo kama stoma imegeuka nyeusi au rangi ya zambarau, kama damu haikomi baada ya kubanwa kwa kitambaa safi, au kama hakuna kinachotoka huku tumbo linauma na anatapika.