Saratani ya Titi: Kipimo cha Vipokezi Kitangulie Dawa



Kamati zetu huombwa mara kwa mara kuchangia matibabu ya saratani ya titi. Mara nyingi tunauliza dawa ni shilingi ngapi. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: saratani yenyewe ni ya aina gani?

Kwenye utando wa chembe hai za mwili kuna vipokezi, ambavyo hupokea taarifa nje ya chembe na kuipeleka ndani. Kundi mojawapo huitwa HER, nalo lina ndugu wanne, HER1 hadi HER4. Taarifa ya kukua inapofika, vipokezi viwili huungana. Mikia yao ya ndani huwekewa fosfati kwenye sehemu zake ziitwazo tairosini. Hapo taarifa hupokezanwa hadi kwenye kiini, na chembe huanza kugawanyika. Katika mwili wenye afya, taarifa hiyo huzimwa kazi ikiisha.

HER2 ni tofauti na ndugu zake, kwani iko tayari kuungana na wengine wakati wote. Ikizidi mno, chembe hugawanyika bila kuamriwa. Mwaka 1987 Dk. Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya titi wenye nakala nyingi za jeni ya HER2 walirudiwa na ugonjwa mapema zaidi. Hali hii huonekana kwa wagonjwa 15 hadi 20 hivi katika kila 100.

Kutokana na ugunduzi huo ilitengenezwa dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dawa hii hushika HER2 kwa nje na kuizuia isitume taarifa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa dawa ya kwanza inayofanana nayo, ili kupanua upatikanaji kwa bei nafuu.

Hata hivyo, dawa hii haimfai kila mgonjwa. Asiye na HER2 nyingi atatumia fedha bila faida, na moyo wake unaweza kudhurika bure. Ndiyo maana moyo hupimwa kabla ya matibabu na wakati wa matibabu.

Kwa hiyo, kabla ya kuitisha harambee, tunashauri kamati imwombe mgonjwa au ndugu zake wamwulize daktari mambo matatu:

1. Je, kinyama kimechukuliwa kwenye uvimbe na kupelekwa maabara?
2. Je, HER2 na vipokezi vya homoni vimepimwa?
3. Majibu yakoje? Alama ya 3+ maana yake HER2 ni nyingi. 2+ huhitaji kipimo cha pili.

Kama kipimo hakijafanyika, mchango wa kwanza uwe wa kipimo na nauli ya kukifuata. Majibu ya mgonjwa ni siri yake. Kamati ielezwe tu kile anachoridhia. Na mama mwenye uvimbe asisubiri harambee: aende hospitali mapema.