Waswasi Unapokula Saa za Mtu

Mwenye maradhi ya waswasi haji kusema ana waswasi. Huja na mikono iliyopasuka. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Unguja, na wengi ninaowapokea wametoka kwa daktari wa ngozi, wamepaka kila aina ya mafuta.

Huwauliza taratibu. Kuna mawazo yanayokujia bila kuyataka, ukiyafukuza yanarudi? Kuna jambo unalolirudia, kuosha, kuhesabu, kutazama kufuli, hata ukijua halina haja? Linakula muda gani kwa siku? Likizidi saa moja, au likivuruga kazi, masomo na ndoa, si la kupuuzwa. Mama mmoja alinijibu kwamba akianza udhu wa adhuhuri, alasiri huadhiniwa yeye bado yuko bombani. Alidhani imani yake ni dhaifu. Nilimweleza kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya waswasi kama maradhi ya nafsi yanayotibika. Alilia.

Majibu yakielekea kwenye waswasi, tunatumia kipimo cha Yale-Brown, kilichochapishwa Marekani mwaka 1989 na Wayne Goodman na wenzake. Kina maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4. Hakijali unaosha nini. Kinapima muda, dhiki na nguvu uliyobaki nayo ya kujizuia. Kuanzia alama 16 hali si nyepesi tena, ingawa anayethibitisha ugonjwa ni daktari, si karatasi.

Swali ninalolisisitiza ni la mawazo ya aibu. Mzazi anajiwa na picha ya kumdhuru mwanawe mchanga. Kijana anajiwa na matusi kwa Mungu katikati ya sala. Wanayaficha kwa miaka, wakiogopa kukamatwa au kuitwa makafiri. Mawazo hayo huwatesa kwa sababu hawayataki hata kidogo, na asiyeulizwa kwa upole hatasema.

Tiba ipo. Mgonjwa hufundishwa kugusa anachokiogopa, kisha akae bila kunawa mpaka hofu itulie yenyewe. Dawa kama fluoksetini nazo husaidia, ila huchukua wiki kadhaa, wala asiziache njiani.

Ukiwa na ndugu wa namna hii, usimgombeze, wala usimhakikishie kila saa kwamba mlango umefungwa, maana hilo huzidisha waswasi. Mpeleke hospitali, nawe ukae naye mpaka aitwe.