Mlo wa Zamu ya Usiku

Tanga hailali yote: bandarini, kwenye kiwanda cha saruji Pongwe na wodini katika hospitali ya Bombo, wapo walio kazini saa nane za usiku. Shida yao si chakula tu, ni saa ya kukila. Usiku mwili huitikia insulini kwa uvivu, hivyo sukari ya chai na maandazi hukaa damuni muda mrefu kuliko mchana. Kuli wa bandarini atasema bila wanga hana nguvu. Ni kweli, ila ugali na samaki ale kabla ya zamu. Usiku wa manane yai na tunda vinamtosha. Na mwajiri? Akifungua kantini mchana pekee, amemwachia mfanyakazi chipsi za barabarani.