Freud Mbele ya Mjomba

Katika koo za Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, Naipingo ikiwemo, mtoto kwa desturi huhesabiwa upande wa mama. Baba alimbeba, alimlisha na kumtunza, lakini penye posa, jando, unyago au urithi, mjomba ndiye aliyesikilizwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa jirani zao Wamakonde, Wamakua na Wayao. Familia ya namna hii, ambayo kusini mwa Tanzania haimshangazi mtu, inaipa mtihani mgumu mojawapo ya nadharia kongwe za saikolojia.

Mwaka 1909 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alichapisha kisa cha mtoto wa miaka mitano aliyempa jina la Hans. Mtoto huyu aliogopa farasi hata kutoka nje kukawa shida. Alichokiogopa zaidi ni vile vitu vyeusi vilivyo karibu na macho na mdomo wa farasi. Freud, aliyepata habari nyingi kutoka kwa baba wa mtoto huyo, alifasiri hivi: farasi ni baba, na weusi ule ni miwani na masharubu yake. Mtoto anamtaka mama awe wake peke yake, anamwonea baba wivu, kisha anaogopa kuadhibiwa. Huo ndio aliouita mgogoro wa Oedipus.

Mwaka 1923 Freud aliigawa nafsi sehemu tatu: tamaa za silika zinazomsukuma mtu, akili inayopima hali halisi, na sauti ya ndani inayokataza. Sauti hiyo, alisema, huzaliwa mtoto anaposalimu amri kwa baba. Aliamini kuwa ndivyo ilivyo kwa wanadamu wote.

Hapo ndipo penye tatizo. Baba wa Vienna alikuwa watu wawili ndani ya mmoja: mume wa mama na mtawala wa nyumba. Mwanawe akimchukia, chuki hiyo ni ya wivu au ni ya kuchoka kuamrishwa? Kwa kuchunguza familia za Vienna peke yake, jibu halipatikani. Inahitajika jamii ambamo vyeo hivyo viwili vimegawanywa.

Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, aliikuta jamii hiyo katika visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, alikofanya utafiti kati ya 1915 na 1918. Huko baba alikuwa rafiki wa watoto wake, na mjomba ndiye aliyeonya na kurithisha. Katika kitabu chake cha 1927 alieleza kuwa kinyongo cha kijana kilimwelekea mjomba, si baba. Kumbe kinachochochea uhasama ni mamlaka zaidi ya wivu. Ernest Jones, mfuasi wa Freud huko Uingereza, alipinga, akidai kuwa chuki ya baba imehamishiwa tu kwa mjomba. Mwaka 1982 Melford Spiro wa Marekani naye alizipitia upya habari za Trobriand akamtetea Freud. Ubishi haujaisha, lakini tangu Malinowski hakuna anayeweza kuizungumzia familia ya Vienna kana kwamba ndiyo familia ya dunia nzima.

Kuhusu wanawake, Freud alidai kuwa msichana hukua akihisi amepungukiwa kwa kuwa hana umbo la kiume. Karen Horney, daktari wa Berlin, alimjibu katika miaka ya 1920: wanachokosa wanawake ni nafasi na heshima ambazo jamii imewapa wanaume.

Kwamba tofauti za wanawake na wanaume hujengwa pia na jamii, Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Carolyn Ember alichunguza watoto wa Kijaluo karibu na Oyugis, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 1973. Nyumba zisizo na binti mkubwa ziliwapa wavulana kazi zilizohesabiwa kuwa za kike. Waliofanya kazi hizo, hasa za ndani ya nyumba, hawakuwa wagomvi kama wavulana wengine. Kazi ilikuwa imewajengea tabia.

Nachingwea yenyewe ina mfano. Mwaka 1967 FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilianza kuwafundisha wanawake wa nchi hiyo mambo ya kijeshi katika kambi yake ya hapo, Josina Machel akiwa miongoni mwa wa kwanza. Wengi waliamini kuwa bunduki haimfai mwanamke. Wanawake hao walilinda maeneo yaliyokombolewa, wakabeba silaha na kuhamasisha vijiji.

Leo dini, sheria na biashara ya korosho na ufuta zimemwongezea baba mamlaka, na mjomba si yule wa zamani. Lakini wazee walioishi mfumo wa mjomba bado wapo. Walimu wa saikolojia katika vyuo vyetu wamfundishe Freud, kwa kuwa alifungua mlango mkubwa, ila wamfundishe pamoja na Malinowski, Horney na Ember. Kisha wawatume wanafunzi wao Naipingo na Ruangwa wakaulize: nani alikuonya, nani ulimwogopa, nani ulitaka kufanana naye? Nadharia ya nafsi ya binadamu isiyomjua mjomba haijakamilika.